Shule ya Ukumbini: Kisa cha Mwongozaji wa Filamu Aliyejifunza Mwenyewe Mbeya

Mbeya haina chuo cha filamu, ila ina harusi. Mavuno yakishauzwa na barabara za vijijini zikishakauka, kuanzia Juni mpaka kuelekea mwisho wa mwaka, kumbi za Mwanjelwa, Soweto, Forest na Uyole hazilali: leo sendofu, kesho kicheni pati, Jumamosi harusi yenyewe. Kila shughuli ina kamati, kila kamati ina bajeti, na kwenye kila bajeti, chini kabisa baada ya ukumbi, chakula, mapambo na MC, kuna mstari wa "video na picha". Mstari huo ndio uliowasomesha wengi wa wanaoshika kamera jijini hapa. Anayetaka darasa lenye cheti aende TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni kule Bagamoyo, au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kijana ninayemzungumzia hakuwa na ada wala nauli ya kwenda huko. Alikuwa na shemeji mwenye kamera.

Ameniruhusu nikieleze kisa chake kwa sharti kwamba nisimtaje jina, na mji huu kwa kuwa ni wa kufahamiana, hata mtaa wake nauacha. Filamu zake mbili za mwanzo nimezitazama zote, pamoja na sehemu kubwa ya picha ghafi za ile ya pili. Wanaomfahamu wana maelezo yao kuhusu kwa nini ya kwanza ilianguka: kamera ilikuwa duni, watu wa Dar walimdhulumu, maharamia walimmaliza. Kila moja lina ukweli wake. Mimi naona chanzo kiko nyuma zaidi. Harusi zilimfundisha karibu kila kitu isipokuwa kukata, yaani kutupa visivyohitajika wakati wa kuhariri, na filamu ambayo haijakatwa haiokolewi na kamera nzuri wala mkataba mzuri.

Alianza kwa kushika taa. Enzi hizo shemeji yake alitumia kamera ya kaseti ndogo za MiniDV, kaseti moja saa moja, na msaidizi kazi yake ilikuwa kubeba taa yenye waya mrefu na kuhakikisha bwana harusi hajikwai kwenye huo waya. Mshika taa hana kioo cha kuchungulia, kwa hiyo hana cha kutazama ila watu wenyewe. Alijifunza kwamba mama mzazi wa bibi harusi huanza kulia mabegani kabla machozi hayajafika usoni. Alijua mjomba atakayepewa maiki ataongea muda mrefu kwa kumwangalia anavyofunga kifungo cha koti akiwa bado kwenye kiti. Taa yake ikawa inafika mahali kabla ya tukio. Kipaji kama hicho wapo waliomaliza chuo na hawana, na kwenye filamu zake zote mbili kinaonekana: kamera haichelewi kufika usoni.

Kisha akanunua kamera yake, Canon 600D iliyotumika, miaka ya mwanzo ya 2010 ambapo kamera za picha za mnato zenye kurekodi video zilianza kushuka bei. Ilikuja na ugonjwa. Kila akirekodi kwenye ukumbi wenye taa za mirija, mistari ya kiza ilikuwa inapanda juu ya picha polepole, harusi nzima. Mafundi wawili walimwambia kioo kimeungua. Akajifungia chumbani usiku na taa moja ya mrija na kuanza kubadili mpangilio mmoja baada ya mwingine mpaka mistari ikapotea. Sababu ni ya kawaida kabisa: umeme wetu unapiga mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo taa ya mrija inafifia na kuwaka mara 100 kwa sekunde, wakati kamera yake ilikuwa imepangwa kwa mfumo wa NTSC wa Marekani na Japan, fremu 30 kwa sekunde na shata, yaani muda ambao kila picha inapokea mwanga, ya moja kwa 60 ya sekunde. Hesabu hizo haziendani. Aliporudisha PAL, mfumo wa huku kwetu, fremu 25 na shata ya moja kwa 50, picha ikatulia. Fizikia yake hakuijua mpaka miaka kadhaa baadaye, lakini dawa alikuwa nayo, na wapiga picha wenzake walianza kumletea kamera zao awatibie.

Kamera hiyohiyo ilikuwa na kasoro nyingine ambayo haina dawa: faili moja haliwezi kuzidi gigabaiti 4, yaani kama dakika 12 za picha ya ubora wa juu, kisha inajizima. Mchungaji hasubiri. Basi akazoea kusikiliza mahubiri kwa sikio la kuviziavizia, azime na kuwasha upya kabla tu ya viapo. Akawa anajua, bila saa, ni dakika ngapi zimepita. Ujuzi huo wa kupima muda kwa hisia ndio ungemfanya mhariri bora, kama kazi ya kuhariri ingekuwa ya kweli.

Haikuwa ya kweli. Harusini mhariri hatupi kitu. Kamati imelipa, na kila aliyechanga anataka kujiona. Shangazi aliyetoka Kyela na vitenge vitatu asipoonekana akivitoa kimoja kimoja, simu zitapigwa mpaka usiku na kazi itarudishwa. Shughuli ya saa sita inatoa DVD za saa tatu, na mteja hulalamika tu ikiwa fupi. Kazi ya mhariri ni kupanga vipande kwa mfuatano wa saa, kuweka mauamaua kati ya sehemu moja na nyingine, kuandika majina, na kufunika sauti yote kwa muziki. Sauti ndiyo kabisa: kinachosikika harusini ni MC, na MC akinyamaza, ni Bongo Fleva. Kijana alifanya kazi hiyo kwa miaka bila kuwahi kulazimika kumsikia mtu mmoja akiongea kwa sauti ya chini.

Filamu ya kwanza basi. Mapenzi, mrithi, mganga, na mama wa kambo. Hadithi nzima sitaieleza kwa sababu umeshaiona, hata kama hujaiona. Ilitoka sehemu ya kwanza na ya pili, DVD mbili. Iko sini ambayo nimeirudia mara nyingi kwa sababu ina kila kitu cha hoja yangu. Mtoto anakwenda kwa baba yake kumwambia kwamba anajua siri ya kifo cha mama yake. Gari linafika getini. Honi. Mlinzi anatoka, anachungulia, anarudi, anafungua. Gari linaingia, linageuza, linasimama. Anashuka, anafunga mlango, anarekebisha suti. Dada wa kazi anamkaribisha. Anakaa. Anaulizwa atakunywa nini. Juisi inaletwa, kwenye trei. Baba anashuka ngazi, ngazi zote. Shikamoo, marahaba, habari za huko, nzuri. Tangu honi hadi neno la kwanza lenye uzito zimepita zaidi ya dakika nne, na kwa kuwa kila kitu kimepewa muda sawa, ile siri nayo inapita kama juisi.

Watetezi wake husema soko ndilo lililotaka hivyo. Kweli, enzi hizo msambazaji alitaka filamu ya sehemu mbili kwa sababu diski mbili huuzwa mara mbili, na getini ni mahali rahisi pa kujazia dakika. Lakini nilimwuliza mwenyewe kama aliirefusha ile sini kwa ajili ya soko, akashangaa. Hakurefusha. Kwake ndivyo mgeni anavyofika. Alipiga picha ya kuwasili kwa mtoto kama anavyopiga ya kuwasili kwa maharusi: gari, mlango, viatu, hatua, kiti. Dada wa kazi kaonekana, mlinzi kaonekana, hakuna atakayepiga simu usiku.

Sauti ilikuwa mbaya kuliko picha. Nyumba waliyoazima Forest ilikuwa ya bati bila dari sehemu ya sebuleni, na walipanga kupiga picha Machi. Anayeijua Mbeya ameshacheka. Mvua za huku zinaanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Mei, na sini ya maungamo ya mama wa kambo imerekodiwa kwa maiki ya kamera chini ya bati linalopigwa. Alirekebisha kwa njia aliyoijua: akaweka muziki juu.

Gharama hesabu zake anazitunza kwa harusi, na mimi nazipenda hivyo. Filamu ilikula malipo ya harusi saba. Kariakoo, kwa wasambazaji wa filamu kule Dar, alilipwa ya harusi nne.

Mkataba ulikuwa karatasi moja. Aliuza master, yaani nakala kuu ya filamu, na pamoja nayo haki zote bila kikomo cha muda wala cha nchi, na alisaini amesimama. Msambazaji yule simtaji, na sioni kwamba alikuwa mbaya kuliko wenzake. Ndivyo biashara ilivyoendeshwa, mwenye mtaji ananunua mara moja na mwenye kazi anaondoka na nauli. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya 1999 ingemlinda kama angebaki na kitu cha kulindwa. Hata kibali hakuwa nacho. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 inataka kibali kabla ya kupiga picha na ukaguzi kabla ya kuonyesha, na yeye alidhani filamu, kama harusi, inahitaji ruhusa ya wenye ukumbi tu. Kufuatilia makaratasi baadaye kulikula miezi. Wakati huo ndio stempu za kodi za filamu na muziki zilikuwa zinaanza, mwaka 2013, kwa hiyo diski halali zilipofika Mwanjelwa zilikuta tayari vibanda vya kuwekea muvi kwenye flashi vinayo nakala. Yeye mwenyewe aliiona mara ya kwanza ikiuzwa pale, ndani ya flashi moja na muvi za Kikorea.

Aliporudi, marafiki walimpa moyo kwa kisa ambacho kila kijana mwenye kamera anakijua, cha Robert Rodriguez wa Texas na filamu yake El Mariachi ya 1992 iliyotengenezwa kwa dola 7,000 hivi. Nasimama hapo kidogo kwa sababu kisa hicho kinasafiri kikiwa kimekatwa miguu. Rodriguez kweli alipiga picha bila kikosi cha mafundi, akarekodi sauti pembeni na kuilinganisha baadaye, na sehemu ya fedha aliipata kwa kujitolea kufanyiwa majaribio ya dawa. Alikusudia kuiuza kwenye soko la video la Kihispania, biashara isiyo mbali sana na ya Kariakoo. Lakini kabla ya hapo alikuwa ameshatengeneza filamu fupi nyingi akiwatumia ndugu zake nyumbani, akizikata mwenyewe kwa mashine za video, na kabla El Mariachi haijaingia majumba ya sinema, studio ya Columbia iliongeza kwenye sauti na nakala fedha nyingi kuliko zile 7,000 kwa mbali. Vijana wetu wanachukua ile bei wanaacha zile filamu fupi. Zile fupi ndizo zilikuwa shule.

Za kijana wetu zilikuja kwa mlango asioutarajia. Familia moja ya Uyole ilimwozesha binti wakati kaka yake mkubwa yuko nje ya nchi. Kaka hakutaka DVD, alitaka aione harusi kwenye simu, usiku uleule. WhatsApp wakati huo haikupokea video inayozidi megabaiti 16, yaani dakika mbili tatu za picha ya kuvumilika. Saa sita za shughuli ziingie dakika tatu. Alitaka kukataa, mama wa familia hiyo akamwambia, "Mwanangu, weka tu pale tulipolia."

Akaweka pale walipolia. Akagundua kwamba wakilia bila kuonyesha kilichowaliza, haieleweki. Akarudisha kitu kimoja: mikono ya baba ikishindwa kumfunga binti yake kitenge. Akatoa keki, akatoa gari, akawatoa mashangazi wote. Ile video ilizunguka Uyole nzima, na wiki iliyofuata kamati nyingine ikamwita ikitaka "ile fupi". Kwa msimu mmoja alikata fupi za harusi nyingi, kila moja chini ya megabaiti 16, na nadhani mwalimu yeyote wa uhariri angeona wivu kwa zoezi hilo: hadhira inayowajua wahusika wote, kikomo kisichojadiliwa, na malalamiko yanayofika asubuhi yake. Mashangazi walilalamika, ndiyo. Ila DVD ya saa tatu ilikuwepo ya kuwatuliza, na hapo akatenganisha kichwani mwake kazi mbili ambazo kwa miaka alidhani ni moja.

Filamu ya pili ina dakika 14 na inahusu gunia moja la viazi. Aliipigia Isyonje, kwenye barabara ya Uyole kwenda Tukuyu, pale inapochepuka njia ya Kitulo. Kila mtu wa huku anaijua lumbesa: gunia linajazwa mpaka mdomo, kisha kipande cha nyavu kinashonewa juu na kujazwa tena, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Sheria ya Vipimo inaikataza, Wakala wa Vipimo wanahimiza mzigo usizidi kilo 100, na lumbesa inaendelea kupakiwa. Filamu ni mama mwenye viazi, dalali, na mtoto wa mama anayehesabu ndoo zinazoingia kwenye nyavu. Hakuna mganga. Mama ni muuza viazi kweli, na alikataa kukariri. Aliambiwa tu dalali atasema nini, ajibu anavyojibu siku zote. Sindano inapoingia mara ya mwisho anasema, bila hasira, "Baba, hapo ulishajaza. Hiki unachoongeza sasa ni ada ya mtoto." Dalali anamjibu kwa heshima zote: "Mama yangu, na mimi kule nashushiwa hivihivi."

Kwenye picha ghafi kuna Fuso linapanda kilima kwenye ukungu, taa zimewashwa saa nne asubuhi, muda mrefu, zuri ajabu. Mtu wa filamu ya kwanza angeanza nalo, kisha mlango, kisha utingo anashuka. Halimo. Filamu inaanza na sindano ikitoboa nyavu, na Fuso tunalisikia tu likinguruma, halizimwi, kwa hiyo tunajua dalali ana haraka na mama anajua pia. Nilimwuliza kama aliumia kulitupa. Akasema alilitazama siku mbili ndipo akaona kwamba lori likionekana, watu watasubiri lori badala ya kuangalia mikono.

Sauti aliipata kwa maiki ndogo ya kola iliyochomekwa kwenye simu, simu ikafichwa mfukoni mwa mama ndani ya kitenge, na sponji la godoro likafungiwa maiki kuzuia upepo wa milima ya Uporoto. Kabla ya kurekodi kila kipande mtu alipiga kofi mbele ya kamera ili baadaye picha na sauti zilinganishwe. Mlio wa sindano na uzi aliurekodi peke yake, chumbani. Alipiga Juni, baridi kali, betri zinaisha haraka kwa hiyo za akiba alizibana kwapani. Mvua hakuna. Kibali alianza nacho safari hii, kwa afisa utamaduni.

Aliionyesha kwanza kwenye kibanda cha mpira Uyole, kabla ya mechi, wakati wachambuzi kwenye runinga wanaongea na hakuna anayewasikiliza. Mwenye kibanda ni mteja wake wa harusi. Watazamaji walikuwa wapakiaji, bodaboda, na madalali wawili watatu. Kufikia ndoo ya tatu watu walikuwa wanabishana kwa sauti, upande mmoja unamtetea mama, mwingine unauliza mafuta ya gari analipa nani. Mpira ulianza na ubishi haukwisha. Tamasha moja alikoituma haikuchaguliwa, wala sikushangaa: maandishi ya Kiingereza chini ya picha yalitafsiriwa usiku mmoja na yanasomeka hivyo.

Kutoka hapo mambo yameenda kwa kusuasua, kama yanavyokwenda. Mradi mmoja wa kilimo uliiona ukamwajiri kwa video za mafunzo ya mbegu za viazi, kazi inayolipa vizuri kuliko harusi na inayochosha zaidi. Wapo wanaomshauri ahamie Dar es Salaam. Mimi nadhani wanakosea, angalau kwa sasa: Dar atakuwa mshika kamera wa mtu, huku ana wateja, ana msimu wa miezi mitano ya kutafuta fedha, na ana masika ya kuandika skripti kwa sababu hakuna anayeoa kwenye matope. Harusi hajaziacha. Anapiga mbili kwa wiki msimu ukikolea, na bado mashangazi wa DVD wanapata haki yao.

Hivi karibuni kituo cha televisheni kimetaka ile ya viazi. Walianza kwa kumwomba airefushe ijaze nusu saa, akakataa, wakakubali kuiweka pamoja na fupi nyingine. Kwenye mkataba alibadilisha kipengele kimoja kwa kalamu, mbele yao: badala ya haki zote, haki ya kurusha kwa miaka miwili, Tanzania tu. Hilo limepita. Kilichobaki ni YouTube. Wao wanataka kuipandisha kwenye ukurasa wao, yeye anataka ibaki ya kwake, na mpaka naandika hapa hawajakubaliana.